Mpishi Aliyelowesha Vitambaa vya Meza

Kutoka mlango wangu mpaka mlango wa Mpishi ni hatua kumi na nne, na kwa miaka kumi na moja hiyo ndiyo iliyokuwa safari yangu ndefu ya kila siku. Sijisifu. Mimi ni mtu wa nyumbani, fundi cherehani, nashona mapazia na vitambaa vya meza sebuleni kwangu hapa Rwezamenyo, Kigali. Mteja wa Remera akitaka nikampimie madirisha, namwomba ayapige picha na kuweka rula pembeni. Uwanja wa mpira wa Amahoro naujua vizuri sana, kwa redio. Kwa hiyo asitegemee mtu kusikia kutoka kwangu mambo ya mbali. Ninayoyajua kuhusu Mpishi niliyaona nikiwa nimekaa, na mengi niliyaona nikiwa na kijiko mdomoni.

Jina lake silitaji kwa sababu hata mtaani hakuna aliyelitumia. Alikuwa Mpishi tu. Imamu alimwita Mpishi. Mkewe, Mama Zuhura, alimwita Mpishi pia, na siku za hasira alimwita "Bwana Mpishi", na hapo wateja wote tulijua kwamba inafaa kula haraka.

Siku hizi mkahawa wake umefungwa, wamehamia Kicukiro kwa binti yao, na mahali pale pana duka la kuuza vifuniko vya simu. Mimi nimejifunza kupika mayai.

Mkahawa wenyewe ulikuwa chumba kimoja kirefu, chembamba: meza tano kushoto, meza tano kulia, njia katikati, jiko nyuma. Mgeni akiingia alidhani ni melanji kama zilivyo nyingine Kigali. Nani asiyeijua melanji? Masufuria yamepangwa mezani, unachukua sahani, unapita mara moja tu. Kurudia hakuna, na nyama ni kipande kimoja. Kwa hiyo watu hujenga. Kuna watu hapa mjini wanaojenga sahani ya melanji kwa ufundi kuliko mafundi wanaojenga nyumba: msingi wa viazi, ukuta wa ndizi kuzunguka, wali unamiminwa ndani, maharage yanashikilia wali, tambi zinafunga paa, na kipande cha nyama kinakaa kileleni kama bendera. Halafu mjenzi anatembea nayo mpaka mezani kwa hatua ndogondogo, hasalimii mtu.

Kwa Mpishi hukuruhusiwa hata kusimama. Ulikaa ukaletewa, na uliletewa kwa utaratibu ambao hakuna aliyeuelewa. Sahani ya kwanza ilikwenda kushoto, ya pili kulia, ya tatu kushoto, ya nne kulia. Ukiwa umefika wa kwanza lakini zamu ni ya upande wa pili, ulisubiri. Wakija watu saba pamoja wakajaa wote upande mmoja, alitoka jikoni, akawatazama, akasema, "Watatu wavuke."

"Lakini Mpishi, tumekuja pamoja!"

"Mtarudi pamoja. Kwa sasa watatu wavuke."

Akija mteja mmoja peke yake, Mpishi alisogeza meza moja mpaka katikati ya njia na kumketisha hapo, kama mtuhumiwa. Nilikaa hapo katikati mara nyingi, maana mimi ndiye niliyekuwa mteja wa siku za mvua. Watu wanene nao walikuwa na mahali pao, karibu na nguzo ya katikati. Hakuwaambia kwa nini, na wao hawakuuliza, ila kuna mfanyabiashara mmoja wa magunia aliyehama mkahawa baada ya kugundua kwamba wenzake wote wa nguzoni walikuwa na umbo kama lake.

Supu yake ilikuwa nzuri hata mtu akasahau kugombana. Lakini aliileta nusu bakuli. Siku ya kwanza kila mtu alilalamika kwamba mzee huyu ni mchoyo. Ukimaliza ile nusu, kabla hujaweka kijiko chini, alikuletea nusu nyingine, na wakati mwingine ya tatu, bila kuulizwa. Mchoyo gani huyo? Nilimuuliza kwa nini asijaze bakuli mara moja akapumzisha miguu.

"Bakuli lililojaa linamwagika," alisema.

"Nani wa kulimwaga? Nimeketi."

"Wewe umeketi," alisema, akaenda zake kulia.

Vitambaa vya meza ndivyo vilivyotugombanisha kidogo. Nilimshonea kumi, pamba nzito, pindo mbili, kona zimekaa sawasawa, kazi ambayo ningeitundika ukutani kama cheti. Jioni ya kwanza nilivuka hatua zangu kumi na nne kwenda kuviona vikiwa kazini. Nikaweka mkono mezani, nikauondoa umelowa.

"Mpishi, paa linavuja?"

"Halivuji."

"Basi vitambaa vyangu vimelowaje?"

"Nimevilowesha. Sahani haitelezi juu ya kitambaa kilicholowa."

"Iteleze iende wapi? Meza imesimama!"

Aliitazama meza kwa muda, kama mtu anayemtazama mbwa wa jirani.

"Leo imesimama," alisema.

Si hivyo tu. Kila meza aliipigilia ubao mwembamba kuzunguka ukingo, umesimama kama urefu wa kidole gumba, na ubao ule umekula vishikizo vya mikono ya mashati ya mtaa mzima. Sikulalamika. Mimi ndiye niliyekuwa nikivirudishia.

Maelezo ya yote haya yalikuwa mamoja, na aliyatoa kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema alisoma Butare. Alipokuwa kijana, alisema, alifanya kazi Kinshasa, kwenye boti iliyowapandisha watu jioni, ikawatembeza mtoni huku wanakula, kisha ikawarudisha. Miaka mitatu. Hapo ndipo alipojifunzia kupika, na hivyo ndivyo inavyofanyika.

Na kwa kuwa hivyo ndivyo inavyofanyika, saa moja kamili jioni alifunga mlango kwa komeo na kutangaza, "Tumeondoka." Hapo haingii mtu, hatoki mtu, mpaka sahani zote ziishe na yeye aseme, "Tumefika." Sasa fikiria jambo hilo Kigali, mahali ambapo kadi ya harusi ikiandikwa saa nane, bibi harusi mwenyewe saa nane yuko saluni. Kila jioni kulikuwa na mtu nje anagonga.

"Mpishi! Fungua, ni mimi!"

"Tumeshaondoka. Tuko katikati ya mto."

"Mto gani? Nakuona hapo dirishani!"

"Njoo kesho mapema."

"Muzee, harufu ya supu inanifikia mpaka huku, na wewe unaniambia iko mto?"

Wa ndani tulicheka, tukala polepole makusudi. Mara moja yule mfanyabiashara wa magunia, kabla hajahama, alipigiwa simu kwamba lori lake limefika, akataka kutoka kabla ya ndizi za kukaanga. Mpishi alisimama mlangoni na sinia lake. "Utaenda wapi," alimwambia kwa huruma ya kweli, "na maji haya?" Bwana akarudi nguzoni akala ndizi zake, na nakumbuka alikula na za mwenzake.

Kama ni kujigamba, basi lilikuwa jigambo la ajabu, maana Mpishi huyu wa boti aliogopa maji kuliko paka. Mvua kubwa ikinyesha, barabara yetu inateremsha maji mekundu kwa nusu saa hivi, kina cha kisigino. Sote tulipandisha suruali tukavuka. Yeye alisimama kwenye kizingiti, mikono nyuma, mpaka lami ikauke. Binti yake alipomwalika kwenda kupumzika Kivu, alikubali, akafika ziwani, akalitazama kupitia kioo cha gari, akasema ni zuri. Hata pikipiki ilikuwa shida. Siku moja alipanda moto, pikipiki ya abiria, kwenda Kicukiro, na baada ya kona ya kwanza alimpiga dereva begani.

"Usiiname, mwanangu. Ukiinama upande mmoja, mimi niiname upande gani?"

"Muzee, mimi nisipoinama tunaenda kwa mutaro!"

Akashuka, akaenda kwa miguu, akafika wakati wa chakula cha jioni, ambacho alikuwa amealikwa kama chakula cha mchana.

Mtaa ulikuwa umeamua zamani kwamba boti haikuwepo. Hatukumchukia kwa hilo. Tulimpenda, tukala supu, tukamtania. Lakini mtaa haukumuuma Mpishi. Aliyemuuma ni mtu mmoja tu, na mtu huyo alikaa kila jioni kwenye kiti cha upande wa kulia karibu na jiko akimenya vitunguu.

Mama Zuhura aliolewa naye baada ya Kinshasa. Hakuiona boti, hakuona picha ya boti, hakuona hata barua yenye muhuri wa boti. Alichopata ni mume ambaye kwenye kochi la watu watatu anakaa mwisho wa kushoto na kumwomba yeye akae mwisho wa kulia.

"Miaka thelathini na mbili," aliniambia, kisu mkononi. "Mimi huku, yeye kule. Pale katikati tumemwachia nani? Sasa, Fundi, kama boti ilikuwepo, sawa, nimekaa hivi kwa sababu ya boti. Kama haikuwepo, je?"

Mimi niliinamia bakuli. Nilikuwa na supu.

Alikuwa na mtihani wake, na alimpa mumewe mbele yetu mara nyingi. "Mpishi," alisema, "hebu tuambie. Usiku, ukiwa kwenye maji, ule mji ulionekanaje?"

Na hapo, jamani, kila mara mzee aliteleza. "Supu ilitoka saa moja na robo," alisema. "Samaki saa mbili kasoro. Kitunguu kilikatwa nchi kavu, kamwe usikate kitunguu boti ikiwa inageuka."

"Sikuulizi kitunguu. Nauliza mji."

"Mji ulikuwa mkubwa."

"Ahaa! Mkubwa! Mmesikia? Mkubwa!"

Tulicheka sana. Mimi nilicheka zaidi ya wengine, nakiri, mtu ambaye hata mji huu ninaoishi, ukiniuliza unaonekanaje usiku, nitakuambia kuhusu balbu yangu. Mpishi hakukasirika. Alirudi jikoni na mabakuli mawili, moja kila mkono. Ila niliona kwamba jioni hizo alisahau kusema "Tumefika," ikabidi mtu amkumbushe ndipo tutoke.

Basi likaja jambo la Nyabarongo. Zuhura, yule binti wa Kicukiro, alipata habari kwamba kuna boti mpya mtoni, pembeni mwa mji, inapakia watu saa kumi na moja na nusu jioni, inawalisha, inawarudisha saa mbili. Hakuuliza mtu. Alichukua nafasi tatu: baba, mama, na yeye. Halafu mwanawe akapata homa, nafasi moja ikabaki.

Mpishi alipopewa habari hiyo alianza kuumwa goti. Kesho yake likawa goti la pili. Siku ya tatu akakumbuka kwamba ana vitunguu vya kuanika. Mama Zuhura alivuka zile hatua kumi na nne mpaka kwangu, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi, akasimama mbele ya cherehani.

"Fundi, Jumamosi utakuja na sisi."

"Mimi? Mtoni? Mama, mimi sokoni tu naona mbali."

"Nataka shahidi. Leo ninaanza kuzeeka, nataka kujua niliolewa na nani. Akipanda boti, nitamuona kwa macho yangu. Mtu aliyefanya kazi botini miaka mitatu hawezi kujificha."

"Na akiwa hakufanya?"

Alitazama pazia nililokuwa nashona, akaligusa pindo. "Basi na mimi nitajua pa kukaa kwenye kochi langu," alisema.

Nilivaa koti la harusi za watu. Mpishi alivaa shati jeupe, kola imefungwa mpaka juu, na njia nzima garini alikuwa akisugua goti. Nyabarongo, kwa asiyeujua, si mto wa kujipamba. Ni wa rangi ya chai ya maziwa, unakwenda bila haraka kati ya mafunjo, kama mtu aliyetumwa asikotaka. Boti ilikuwa ya bapa, imekaa juu ya maboya mawili makubwa, juu ina paa la bati na taa za rangirangi, meza zimepangwa kandokando. Niliona nguzo katikati, nikaipenda papo hapo.

Mpishi alisimama kwenye ubao wa kupandia. Nilidhani ni maji. Kumbe alikuwa anatazama chakula. Masufuria yote, kumi na mawili nafikiri, yalikuwa yamepangwa kwenye meza moja ndefu iliyoshikizwa ukingo wa kushoto. Melanji, wapendwa. Wamepandisha melanji botini.

Mwenye boti alikuwa dada mchangamfu aliyekulia Kampala, kofia nyeupe kichwani. Mpishi alimwendea, akazungumza naye kwa upole.

"Mwanangu, meza ile ihamishe. Iweke katikati."

"Muzee, usiogope. Tumeshakwenda mara mbili, hakuna tatizo."

"Mlikuwa watu wangapi?"

"Kumi. Kumi na wawili."

"Na leo?"

"Leo tumejaa kabisa, thelathini na kitu, Mungu asifiwe!"

"Basi wapelekee chakula walipo. Wasisimame."

"Muzee wangu, watu wanapenda kujipakulia."

Mpishi alifungua mdomo tena, lakini Mama Zuhura alimvuta shati. "Kaa chini, Bwana Mpishi. Hujafika hata dakika tano umeanza kuwafundisha watu boti zao. Usituaibishe."

Akakaa. Kushoto, bila shaka, naye mkewe akaenda kukaa kulia kwa mazoea, na mimi nikaikumbatia nguzo. Ng'ambo yangu alikaa bwana mmoja mnene wa Remera aliyekuja na familia. Tuliondoka. Jua lilikuwa linazama, muziki unapiga, watoto wanatafuta mamba majini. Mpishi hakutazama nje hata mara moja. Alitazama sakafu.

Kisha yule dada akashika kipaza sauti akasema, "Karibuni chakula!"

Nataka kuwa wa haki kwa wakazi wa Kigali. Sisi ni watu wa utaratibu, tunafunga mikanda, tunavuka barabara mahali pake. Lakini tumeshafundishwa miaka yote kwamba sahani ni moja, kurudia hakuna, na nyama ikiisha imeisha. Unategemea nini? Watu thelathini na kitu walisimama kwa pamoja kama wameitwa kwa jina, wakaenda wote kushoto, wakapanga foleni kando ya ukingo. Boti ikainama kidogo. Wakaanza kujenga. Boti ikainama zaidi. Sufuria la maharage likaanza kutembea lenyewe, polepole, kama linatafuta mtu. Tikiti maji lililowekwa upande wa kulia likaanguka, likabingirika, likapita chini ya miguu yangu likaingia mtoni kwa mlio mnene.

"Yesu wangu!"

"Banange!" alilia dada mwenye boti. "Rudini! Rudini viti vyenu!"

Na hakuna aliyerudi. Hili nimelisimulia kwa watu wa nchi nyingine hawaamini. Maji yalikuwa yanalamba ukingo, na watu walikuwa wanatazamana kwa pembe ya jicho kuona nani ataondoka kwanza.

"Nikirudi nitapoteza nafasi!" alisema yule bwana wa Remera, mlima wake wa chakula umelala upande, mkono mmoja ameshika mlima na mwingine ameshika bati. "Waanze wa nyuma!"

"Wa nyuma kwa nini? Sisi hata nyama hatujapata!"

Mimi nilikuwa na nguzo. Nilifumba jicho moja. Kwa lile lingine nikamuona Mpishi amesimama.

Sijawahi kuisikia sauti ile. Miaka kumi na moja ya "watatu wavuke" haikunitayarisha. "Kila mtu akae chini alipo!" alisema. "Sakafuni! Weka sahani, kaa!" Na watu wakakaa, pamoja na bwana wa Remera, pwaa, kama gunia. "Sasa msikimbie. Mkikimbia wote kulia, tutalala kulia. Wewe mama mwenye kitambaa, vuka. Polepole. Na wewe. Sasa wewe. Bwana mkubwa, njoo hapa katikati, kwenye nguzo, na Fundi."

Hivyo ndivyo nilivyopata mwenzangu wa nguzo, naye alikuja na sahani yake.

Boti ilisimama sawa kwa kishindo kidogo, maji yakarudi chini. Muziki ulikuwa bado unapiga, mtu akauzima. Mpishi alikunja mikono ya shati lake jeupe. Aliomba ndoo ya maji safi, akalowesha vitambaa vya meza kimoja kimoja, akavitandika. Alichukua upawa. Nusu bakuli ya supu kushoto, nusu bakuli kulia. Sahani kushoto, sahani kulia. Hakuna aliyelalamika kwamba ni mchoyo. Dada mwenye boti alimfuata nyuma na sinia, kofia imekaa kisogoni, anasema tu "Ndiyo, muzee, ndiyo, muzee." Mzee anayesubiri barabara ikauke alikuwa anatembea kando ya ukingo, maji hatua moja kutoka kwenye kiatu chake, na hakuwa anayaona.

Mama Zuhura hakula. Alimfuata mumewe kwa macho tangu mwanzo wa boti mpaka mwisho, akarudi naye. Mpishi alipomletea bakuli lake, nusu, alilipokea kwa mikono miwili kama mgeni.

"Kwa hiyo ilikuwa kweli," alisema.

Ungekuwa wewe, ungefanya nini? Mimi ningesema ndiyo, ningekaa, ningedai msamaha wa miaka thelathini na mbili kwa awamu. Mpishi alifungua mdomo, nadhani aseme hilohilo. Lakini wakati ule boti ilikuwa imepinda kona ya mafunjo, kiza kimeshaingia, na mlima wote wa Kigali ukajitokeza upande wetu wa kushoto, umejaa taa toka chini mpaka kileleni, nyumba kwa nyumba, na chini yake majini taa nyingine zimesimama kichwa chini zinatetemeka. Ule mto wa rangi ya chai, sijui ulizitoa wapi. Abiria wote wakasema, "Aaa!"

Mpishi aligeuka kwa sauti ile. Alikuwa na sahani mkononi, akaisahau.

"Kumbe hiki ndicho walichokuwa wanakitazama," alisema.

"Akina nani?" aliuliza Mama Zuhura.

Mpishi aliikumbuka sahani. Aliweka sahani mezani, akahakikisha haitelezi.

"Mama Zuhura," alisema, "jikoni kwetu hakukuwa na dirisha."

Akamwambia, kwa sauti ndogo, na kama nguzo ile ingekuwa mbali kidogo nisingesikia. Jiko la boti ile lilikuwa chini, ndani kabisa. Watu wa jikoni hawakuruhusiwa kupanda juu abiria wakiwepo, walihesabu tu sahani za kushoto na za kulia zikapandishwa na wahudumu, na abiria wakishuka, taa zinazimwa, watu wanaosha vyombo. Mto aliujua kwa jinsi supu ilivyokaa kwenye sufuria: ikienda kushoto, tunapinda kulia. Na kila safari, mahali palepale, alisikia juu ya kichwa chake watu wote wakisema "Aaa!" Halafu sahani chafu zinateremshwa.

"Uliponiuliza mji ulionekanaje," alisema, "ningekujibu nini?"

Nilingoja amuite Bwana Mpishi. Mama Zuhura aliyatazama yale mabakuli nusu, vile vitambaa vibichi, akamtazama na yeye, kola imelegea sasa, mikono ina maharage.

"Mimi nilidhani haikuwepo boti," alisema. "Kumbe lisilokuwepo ni dirisha."

Akainuka kwenye kiti chake cha kulia. Alivuka njia, akashika meza, akashika bega la mtu, akafika, akakaa kushoto, ubavuni mwa mumewe, kwenye benchi moja, akimsukuma kidogo na nyonga asogee. Mpishi alisogea. Halafu nilimuona anatazama sakafu, kwa mazoea, anapima. Akainua macho, akayazungusha kwa abiria mmoja mmoja, yakafika kwenye nguzo.

"Fundi."

"Naam."

"Vuka."

"Mpishi, hapa nilipo pananitosha kabisa."

"Vuka, mwanangu. Polepole."

Niliiachia nguzo. Nilitembea kwa hatua ndogondogo kama mtu mwenye mlima wa melanji, nikafika kulia, nikakaa kwenye kiti cha Mama Zuhura, kando kabisa ya maji. Upande ule hakukuwa na taa hata moja, ni mafunjo tu na vyura. Supu yake ilikuwa bado ya moto, nikainywa. Hakugeuka mtu kuniangalia, na mimi sikusimama mpaka niliposikia kutoka upande wa pili, sauti ikiwa imechelewa sana, boti imeshafungwa kamba na watu wameshaanza kushuka, Mpishi akisema, "Tumefika."